Nani Huibomoa Ardhi?

Bonde la Marafa, ambalo Wagiriama huliita Nyari, liko bara ya Malindi katika kaunti ya Kilifi, Kenya. Maji ya mvua yamelichonga katika mchanga ulioshikamana nusu tu ukawa jiwe. Kuta zake zimepangana kwa rangi: nyeupe, waridi, nyekundu iliyokolea. Anayeshuka chini kwa miguu, akipapasa ukuta, hubaki na punje za mchanga kiganjani. Wekundu ni wa chuma kilichoshika kutu ndani ya matabaka, na kila masika bonde huzidi kupanuka.

Wenyeji wana habari yao. Hapo, husimulia, palikaa jamaa wenye mali waliokuwa wakioga maziwa ya ng'ombe wao. Mungu akachukizwa, nchi ikawameza. Weupe wa kuta ni yale maziwa, wekundu ni damu yao.

Je, mvua ikitajwa, Mungu ameondolewa? Wanafalsafa wameligombania swali hili kwa karne nyingi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba moto ukikutana na pamba, mwenye kuiunguza ni Mungu. Sisi tumezoea tu kuviona viwili hivyo pamoja. Ibn Rushd (1126–1198) akamjibu kwamba mwenye kukana sababu amekana akili. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas naye alifundisha kwamba Mungu hutenda kwa kuvipa viumbe uwezo wa kweli wa kusababisha. Kwa hoja hiyo, mvua hukata Marafa kwelikweli, na Muumba habanduki.

Swali huwa zito zaidi jijini Dar es Salaam. Huko Kinondoni, kwenye mito kama Mbezi na Tegeta, mchanga wa kujengea huchimbwa mtoni na kupakiwa kwenye malori. Mchanga ukiondoka, sakafu ya mto hushuka na kingo hukosa egemeo. Mvua kubwa ikinyesha, ukingo huporomoka na msingi wa nyumba hubaki ukining'inia hewani. Aliyepoteza nyumba huambiwa ni mapenzi ya Mungu.

Neno hilo hufariji, lakini halimfutii mtu dhima. Hata Waash'ari, wanaofuatwa na Waislamu wengi wa pwani katika akida, husema mja huchuma tendo lake na ataulizwa juu yake. Kisa cha Nyari nacho huweka chanzo cha maangamizi katika matumizi mabaya ya neema. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: Nyari walimezwa wenyewe waliofuja, ilhali mtoni huanguka nyumba ya mtu ambaye pengine hakuchota hata ndoo moja ya mchanga. Kumwambia mtu huyo kwamba ameadhibiwa ni kumzulia yeye, na ni kumzulia Mungu.