Mwenyeji wa Kengeleni Ni Nani?



Mtu avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa humsikia makanga akiita "Kengeleni!" Wengine hushuka, wengine huendelea na safari zao, na ni wachache wanaoutupia macho mnara wa kengele ulioupa mahali pale jina. Husimuliwa kwamba kengele ile ilipigwa kuwaonya watu kuwa wawindaji wa watumwa wanakuja.

Mtaa wenyewe, Freretown, ulianzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875. Ulipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekwenda Zanzibar mwaka 1873 kumtaka Sultani akomeshe biashara hiyo. Waliopelekwa kukaa pale walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, waliookolewa baharini na manowari za Waingereza. Baadhi ya walimu wao walikuwa Waafrika waliookolewa vivyo hivyo wakiwa watoto, wakalelewa Nasik huko Bara Hindi. Watu hao walipewa viwanja, shule na majina ya ubatizo, lakini makaburi ya babu zao yalikuwa mbali mno. Wala tusiwafanye wamisionari kuwa malaika, maana viboko vilitumika pale hata malalamiko yakafika Uingereza mwaka 1881.

Leo mji umeumeza mtaa huo. Soko kubwa la Kongowea li karibu, na katika nyumba za kupanga wamo Wagiriama, Wakamba, Waluo, Waluhya na wengine wengi. Hapo ndipo swali "Kwenu hasa ni wapi?" linapokuwa zito. Mara nyingi ni adabu tu, kwa kuwa sisi hatuwezi kumaliza salamu bila kuuliza habari za nyumbani. Lakini kuna anayeuliza ili amshushe mwenzake: huyu ni wa kuja, yule ni mjukuu wa mtumwa. Kwa sababu hiyo wako waliojitafutia ukoo mwingine wakanyamaza juu ya ule wa kweli. Mimi siwalaumu. Neno "mtumwa" limevunja posa nyingi, ijapokuwa aibu yapaswa kuwa ya aliyeuza watu, si ya aliyeuzwa.

Je, basi, ni heri historia hii isahauliwe? Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, Mwisraeli anaagizwa alete kikapu cha malimbuko, na mbele ya kuhani akiri kwamba baba yake alikuwa mhamaji, na kwamba taifa lake lilitumikishwa Misri. Anayasema hayo akiwa amekwisha kupata shamba na kuvuna. Kisha anatakiwa afurahie mema hayo pamoja na mgeni akaaye kwake. Kwa hiyo anayekumbuka kwamba wazee wake waliletwa kwa manowari hana sababu ya kumkunjia uso aliyekuja kwa basi.

Lakini angalieni jambo moja, nasi walimu tuliangalie zaidi. Mwisraeli yule alikiri asili yake mwenyewe. Hakuagizwa kuitangaza ya jirani. Habari za mtaa na zifundishwe shuleni na kanisani, pamoja na viboko vyake. Habari za nyumba ya mtu ni zake, azitoe akipenda. Mwalimu asimsimamishe mtoto darasani na kumwuliza kama babu yake alikuwa mtumwa. Na yule mtoto wa muuza maembe wa Kongowea, aliyezaliwa pale na kucheza chini ya mnara ule, naye afundishwe habari za kengele kama habari za kwao.