Mzazi na Elimu ya Sayansi: Jawabu kwa Ndugu Yetu wa Mbololo

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu yetu mmoja akaaye Mbololo, katika vilima vya Taita juu ya mji wa Voi, ametuletea masuala. Ana binti wa miaka kumi na miwili aliye gredi ya 7. Shule asomayo, kama nyingi za sekondari msingi zilizoanza Januari 2023 ndani ya majengo ya shule za msingi, haina maabara. Basi baba huketi na mwanawe jioni akimsomesha sayansi yeye mwenyewe. Jamaa wa msikitini wamemlaumu. Mmoja asema saa ile ni ya Kurani. Mwingine asema elimu hiyo itamtoa mwana katika dini. Naye atuuliza: je, yafaa? Na ikiwa yafaa, aanzie wapi, maana yeye si mwalimu? Na je, si bora amtoe shuleni kabisa, amlee na kumsomesha nyumbani?

Ama lawama ya kwanza, ina haki ndani yake. Saa ya Kurani isiliwe na kitu kingine. Lakini wiki ina Jumamosi na Jumapili, na sayansi nyingi tutakayoitaja hapa haisomwi kwa taa, yasomwa kwa jua.

Ama lawama ya pili, twaikataa. Alipofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume wetu, mwaka wa kumi wa Hijra, jua lilipatwa siku ile, na watu wa Madina wakasema kuwa limepatwa kwa msiba huo. Mtu mwenye kutaka ukubwa angalinyamaza akaacha maneno yaenee. Yeye alisimama mbele za watu, na huzuni yake moyoni, akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ni alama katika alama za Mungu, nao wakimbilie sala. Hebu tujipime hapo. Huku kwetu pwani watu walikuwa wakipiga madebe mwezi ukipatwa, wakimtaka chewa autapike! Ni nani kati ya hao aliye mbali zaidi na mafundisho ya Mtume: binti aelezwaye kivuli cha ardhi, au mzee mwenye debe? Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Al-Islah lililotoka Mombasa mwaka 1932, aliwalilia Waislamu wa pwani kwa kubaki nyuma katika elimu. Wengi twamsifu, lakini wachache twamfuata.

Twaja sasa kwenye suala la pili, nalo ndilo lenye mengi. Aanzie wapi? Aanze na fimbo. Aisimamishe uani, mahali pasipo kivuli cha mti, fimbo ya mita moja, na binti atie alama ya ncha ya kivuli tangu saa tano na nusu hadi saa saba. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha jua kusimama kati. Kikianza kurefuka tena, jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Kisha arudie kazi hiyo kila mwezi, aandike daftarini. Mbololo iko kusini mwa Ikweta kwa digrii tatu na kitu. Kwa hiyo mwezi wa Juni jua huwa upande wa kaskazini, na kivuli cha kati ya mchana huelekea kusini, urefu wake kama nusu ya fimbo. Mwezi wa Disemba mambo hugeuka: kivuli huangukia kaskazini, nacho huzidi thuluthi ya fimbo kwa kidogo. Na karibu na 12 Machi, na tena karibu na mosi Oktoba, jua hupita utosini na kivuli hukaribia kutoweka.

Sisi tufuatao madhehebu ya Shafii twajua kuwa Alasiri huingia kivuli cha kitu kikiwa kadiri ya kitu chenyewe, pamoja na kile kilichokuwapo jua lilipokuwa kati. Basi fimbo ile ile ya mita moja, Alasiri yake katikati ya Machi ni kivuli cha mita moja, na mwishoni mwa Juni ni mita moja na nusu. Binti akiisha kuyapima haya kwa mkono wake, amejua fikihi na amejua mwendo wa ardhi kwa pamoja, wala hakuna aliyempokonya dini. Wangapi kati yetu twasali kwa karatasi ya nyakati iliyobandikwa ukutani, wala hatujui imetoka wapi?

Baada ya fimbo, aingie chumbani. Afunge dirisha na mlango, aache tundu dogo kama la msumari, na shuka nyeupe mbele yake. Mlima wa Mbololo utaonekana juu ya shuka, kilele chini na mizizi juu. Mambo haya ya nuru na tundu aliyachunguza Ibn al-Haytham, Mwislamu wa Basra aliyefia Misri karibu na mwaka 1040. Alithibitisha kuwa jicho huona kwa nuru iingiayo, si kwa kitu kitokacho jichoni, na wataalamu wa Ulaya walikisoma kitabu chake kwa karne nyingi. Na tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote kule Makka. Atakayetaka kulitazama likipatwa, asilikabili kwa macho, atazame sura yake kupitia tundu kama hilo.

Jikoni nako kuna maabara. Manjano yakichanganywa na maji ya magadi huwa mekundu. Yakikamuliwa ndimu hurudi rangi yake. Kila mama aliyefua kanzu yenye mchuzi wa pilau kwa sabuni ameliona jambo hili, akadhani doa limezidi. Hiyo ndiyo asidi na besi ya kitabu cha shule.

Na mlima wenyewe usisahauliwe. Pepo za bahari ya Hindi hupanda vilima vya Taita, hupoa, na mvuke wake huwa ukungu. Miti huunasa ukungu huo ukadondoka na kuingia ardhini. Katika msitu huo wa Mbololo mna ua la urujuani liitwalo na wataalamu Saintpaulia teitensis, ambalo porini halipatikani pengine duniani. Suratul Ghaashiya yatutaka tuitazame milima. Binti huyu anao mlango wa nyumba uliofunguka juu yake.

Lakini twamwonya baba jambo moja. Asimwambie mwana kuwa kila uvumbuzi umeandikwa ndani ya aya fulani. Elimu ya watu hugeuka, na aliyeifunga aya kwa dhana ya leo atatafuta pa kuificha kesho. Kitabu kikisema jambo asilolijua, aseme silijui, wakaulize pamoja.

Ama kumtoa shuleni, hatuoni hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imemwajibisha mzazi kumsajili mwana shule na kuhakikisha ahudhuria, na mwisho wa gredi ya 9 kuna mtihani wa taifa utakaompeleka mbele. Akikosa hapo, ni nani atakayewatibu wake zetu, tupendao watibiwe na wanawake? Amwache shuleni, aende akamwone mwalimu wa sayansi kwa adabu, amwonyeshe lile daftari la vivuli. Huenda mwalimu naye akaitaka fimbo uani kwa darasa zima, na wengi wao si Waislamu. Wala hakuna ubaya.

Kibla nacho atakihakiki. Mnamo 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na mnamo 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua huwa juu ya Kaaba hasa, na saa za Makka na za Kenya ni moja. Wakati huo huo kivuli cha fimbo Mbololo huelekea kinyume cha Kibla, na mwenye kukipa mgongo kivuli ameielekea Kaaba: ni kaskazini, na mashariki kidogo. Ila fimbo isimame wima barabara. Aazime timazi ya waashi.