Kukhitalifiana Hakuzuii Kusaidiana

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani kuna maradhi tuliyoyazoea hata hatuyaoni tena kuwa ni maradhi. Nayo ni kwamba majirani wawili wakikhitalifiana katika jambo moja, huacha kusaidiana katika mambo yote. Huyu asoma maulidi na yule hasomi. Huyu afunga kwa mwezi ulioandama hapa petu, na yule afunga kwa khabari ya mwezi ulioonekana nchi nyingine. Huyu ni wa msikiti huu na yule ni wa msikiti ule. Khitilafu hizo zina mahali pake, na wanavyuoni wamezizungumza tangu zamani. Lakini sisi tumezitoa darasani tukazishusha mpaka mtaroni. Mtaro wa mtaa umeziba, maji machafu yamesimama mbele ya milango ya wote, na kila upande wangoja upande wa pili uanze, kwa kuchelea kuonekana wameshika sepetu pamoja.

Na lau lingekuwa ni jambo la mtaro peke yake, tungesubiri. Lakini vijana wetu waangamia kwa unga. Wauzao sumu hiyo hawamuulizi mnunuzi kuwa ni wa msikiti gani, wala wao kwa wao hawaulizani. Wao wamepatana katika shari, na sisi tumeshindwa kupatana katika kheri. Msikiti huu waitisha mkutano juu ya vijana, na msikiti wa pili waitisha wake, na wa huku hawaendi kule. Basi kijana aliyeanguka barazani hakosi watu wa kumsikitikia, bali akosa watu wa kumwinua, kwani kila apitaye amtazama kwanza baba yake yuko upande gani.

Hatusemi watu waache rai zao. Sisi wenyewe katika darasa letu tuna yale tunayoyaitakidi, nasi twayasema wazi na tutaendelea kuyasema kwa dalili. Tusemalo ni kwamba dini yetu haikufanya kuafikiana katika kila kitu kuwa ni sharti ya kusaidiana katika wema.

Dalili ya kwanza imo katika Qur'ani, katika aya ya pili ya Surat al-Maida. Kila mtu ajua kuwa humo tumeamrishwa tusaidiane katika wema na uchamungu, na tukakatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Lakini wengi hatuangalii amri hiyo imetanguliwa na nini. Imetanguliwa na kukatazwa Waislamu wasiache chuki yao kwa watu waliowazuia Msikiti Mtukufu iwapeleke kwenye dhulma. Watu hao ni Makureshi, waliowazuia Waislamu wasiingie Makka mwaka wa 6 wa Hijra. Basi ikiwa pametajwa wenye uadui wa wazi kama ule, kisha pakafuata amri ya kusaidiana katika wema, itakuwaje sisi tuivunje amri hiyo kwa ajili ya jirani ambaye twaelekea naye kibla kimoja?

Dalili ya pili ni mapatano ya Hilf al-Fudul. Mtu wa Zabid, katika nchi ya Yaman, alileta bidhaa Makka, akazinunua al-As bin Wail, mmoja katika wakubwa wa mji, kisha akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na jamaa wa kumtetea, akapaza sauti yake mbele ya watu. Ndipo baadhi ya koo za Makureshi zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa watakuwa pamoja na kila mwenye kudhulumiwa mpaka apewe haki yake, awe mwenyeji au mgeni. Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria naye ni kijana, hajapewa utume, na waliokaa pale walikuwa waabudu masanamu. Lakini baada ya kupewa utume aliyasifu mapatano yale, akasema kuwa lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitika. Hakuyasifu masanamu yao. Alilisifu jambo lililowakutanisha.

Dalili ya tatu ni ya masahaba. Sayyidna Uthman alisali Mina rakaa nne, na Mtume na makhalifa wawili wa kwanza walikuwa wakisali hapo rakaa mbili. Abdallah bin Mas'ud alilipinga jambo hilo waziwazi. Kisha akasimama nyuma ya Uthman akasali nne. Alipoulizwa, akajibu kuwa kutengana ni shari. Rai yake hakuiacha, na safu hakuivunja.

Na kama mtu ataka mfano wa zama zetu na wa pwani yetu, atazame Lamu. Kulikusudiwa kujengwa huko Kwasasi kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, cha megawati 1,050. Watu wa Lamu si wa rai moja. Wapo waendao Maulidi ya Msikiti wa Riyadha na wapo wasioyaona kuwa ni sawa. Wapo wavuvi na wapo wakulima. Wapo Waislamu na wapo Wakristo. Lakini moshi haungechagua nyumba ya kuingia, wala bahari ikiharibika haitamharibikia mvuvi wa upande mmoja. Vikundi vya wenyeji vikaungana, vikapeleka mashtaka, vikastahamili miaka. Tarehe 26 Juni 2019, baraza la taifa linaloamua kesi za mazingira likaibatilisha ruhusa ya kiwanda kile, na miongoni mwa sababu zake ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hatujui kuwa yupo aliyetakiwa aache itikadi yake ili aingie katika kazi ile.

Huenda mtu akasema: "Nikimsaidia mzushi, nimeutia nguvu uzushi wake." Twamjibu: utakuwa umeutia nguvu ikiwa umemsaidia katika uzushi huo. Ama ukizibua naye mtaro, umetia nguvu afya ya watoto wako na wake. Na huenda neno lako la haki, alilokuwa halisikii ulipokuwa ukilipigia kelele kwa mbali, akalisikia siku aliyokuona umebeba taka za mlangoni kwake.

Basi twanasihi mambo matatu. Kwanza, kila mtaa uchague kazi moja iliyo wazi na uitaje kwa jina lake: mtaro huu, au jeneza na vyombo vya kuoshea maiti, au vijana hawa watakao kuacha unga. Pili, fedha ziandikwe, na hesabu isomwe mbele ya wote, kwani kazi nyingi za mitaa hazikuvunjwa na itikadi. Zimevunjwa na fedha zisizojulikana zilikokwenda. Tatu, mahali pa kazi pasigeuzwe mahali pa mjadala. Mwenye dalili na ailete darasani, huko ndiko tutakakomsikiliza na kumjibu.

Wazee wetu walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga hazihitaji kuwa za mti mmoja. Zahitaji kuwekwa pamoja. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, azilainishe nyoyo zetu, awaokoe vijana wetu, na asitujaalie kuwa miongoni mwa watakaoulizwa siku ya Kiama juu ya jirani waliyemuacha aangamie, wasiwe na jawabu ila kwamba hakuwa wa msikiti wao.

Wabillahi tawfiq.