Paulo na Barnaba Walipokosana: Tabia Mbili, Bwana Mmoja

Andiko la msingi: Matendo 15:36-41
Soma pia: Yohana 11:17-36, Wagalatia 2:11-14, 2 Timotheo 4:11

Kwa wale ambao hamkuwepo Jumapili, na kwa wale mliokuwepo na mngependa kulipitia Neno tena polepole nyumbani, huu ndio ujumbe tuliopokea.

Nilianza kwa swali. Ni wangapi hapa mnaishi na mtu ambaye mkiwa na safari ya saa mbili asubuhi, saa mbili kasorobo ndiyo anatafuta viatu? Mikono ikainuka. Na ni wangapi mnaishi na yule ambaye saa kumi na moja alfajiri ameshawaamsha wote, amesimama mlangoni na mkoba, na ameshaanza kununa? Mikono mingine ikainuka, nikaona waume na wake wakitazamana. Tulicheka sana. Lakini sikiza, mpendwa: haya haya tunayoyacheka kanisani ndiyo yanafanya watu walale wamegeuziana migongo. Ndiyo yanafanya mtu aache kazi nzuri kwa sababu ya mtu mmoja wa meza ya pili.

1. Waliokosana walikuwa watu wa Mungu

Tukisoma Matendo 15, Paulo anamwambia Barnaba warudi kuwatembelea ndugu katika miji waliyohubiri. Barnaba anakubali, ila anataka wamchukue Yohana aitwaye Marko. Paulo anakataa. Anakumbuka vile Marko aliwaacha kule Pamfilia akarudi Yerusalemu (13:13). Biblia haifichi: mashindano yakawa makali hata wakatengana. Barnaba akapanda meli na Marko kwenda Kipro. Paulo akamchagua Sila wakapitia Shamu na Kilikia.

Sasa, nani alikuwa na makosa? Tangu zamani Wakristo wanabishana juu ya jambo hili. Lakini angalia kwanza hawa watu ni wa aina gani.

Barnaba jina lake la kwanza ni Yusufu, Mlawi wa Kipro. Mitume ndio walimpa jina Barnaba, yaani mwana wa faraja (4:36). Ukipewa jina kama hilo na watu wanaokujua, ujue ndivyo ulivyo. Wakati Yerusalemu nzima ilimwogopa Sauli, Barnaba ndiye alimshika mkono akampeleka kwa mitume (9:27). Baadaye akasafiri hadi Tarso kumtafuta akamleta Antiokia (11:25-26). Huyu ni mtu anayeangalia mtu. Ukianguka, anauliza: nitamwinuaje?

Paulo naye ni mtu wa kazi. Kule Listra watu walimwita Barnaba Zeu, na Paulo wakamwita Herme kwa sababu ndiye aliyekuwa mnenaji (14:12). Katika mji huo huo wakampiga mawe wakamburuta nje wakidhani amekufa. Akainuka, akarudi ndani ya mji, na kesho yake akaendelea na safari! Mtu wa namna hiyo, ukimwambia tumchukue yule aliyerudi nyumbani mambo yakiwa bado, anauliza: na kazi je? Akituacha tena?

Umeona? Mmoja anamtazama Marko, mwingine anaitazama safari. Wote wawili wanampenda Yesu, na wote wana hoja. Ndiyo maana ugomvi ukawa mkali. Ugomvi wa mwema na mwovu ni rahisi kuuamua. Ugomvi wa wema wawili ndio huvunja nyumba.

2. Kila nguvu ina kivuli

Wengi wenu mmesikia mafundisho ya tabia nne kwenye semina za ndoa: sangwini mchangamfu, koleriki mwenye amri, melankoliki mwenye kufikiri sana, na flegmatiki mtulivu. Mafundisho haya yameenea makanisani kupitia watu kama mchungaji Mmarekani Tim LaHaye, aliyetoa kitabu juu yake mwaka 1966. Lakini majina yenyewe ni ya zamani sana, yanatoka kwa waganga wa Wayunani waliodhani tabia inaletwa na maji manne ya mwilini. Siku hizi hakuna daktari atakayekutibu kwa kupima hayo maji. Kwa hivyo yatumie haya majina kama kioo cha kujiangalia, usiyageuze kuwa kibandiko cha kumbandika mwenzako usoni.

Biblia haitupi hizo aina nne. Inatupa watu, na inatuonyesha pande zao zote. Barnaba yule mpole, mwenye moyo mkubwa, tunamkuta tena Wagalatia 2. Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga kwa kuogopa. Na Paulo anaandika kwa uchungu kwamba hata Barnaba alichukuliwa na unafiki huo. Hata Barnaba! Upole ule uliomwinua Sauli ndio ule ule ulioshindwa kusema hapana mbele ya wageni. Siku hiyo kanisa lilimhitaji mtu mkali, na Mungu alikuwa na Paulo hapo.

Lakini kwa habari ya Marko, kanisa lilimhitaji mpole. Kama wote wangekuwa Paulo, Marko angeishia Pamfilia. Kama wote wangekuwa Barnaba, Mataifa wangekula meza yao peke yao. Mwambie jirani yako: nakuhitaji hata kama unanichosha.

3. Maneno yale yale, majibu mawili

Sasa tuje nyumbani. Katika Yohana 11, Lazaro amekufa. Martha akisikia Yesu anakuja, anatoka mbio kumlaki njiani. Mariamu anabaki ameketi nyumbani. Dada wawili, mama mmoja, msiba mmoja, na bado kila mtu analia kwa njia yake.

Martha anamwambia Yesu: ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa (mstari wa 21). Mariamu akifika anasema maneno yale yale (mstari wa 32). Ukiwa umesoma haraka unaweza kudhani ni kurudia. Lakini mwangalie Bwana. Martha anajibiwa kwa Neno. Wanazungumza juu ya ufufuo, Yesu anamwambia yeye ndiye ufufuo na uzima, tena anamuuliza kama anaamini. Martha alihitaji kitu cha kushika. Mariamu hapewi somo lolote. Yesu anamwona akilia, anaugua rohoni, anauliza wamemweka wapi, kisha analia machozi.

Yesu hakuwa na jibu moja la kumpa kila mtu. Wewe baba, mke wako akikuambia amechoka na kazi, kabla hujamwambia dawa ya uchovu, hebu uliza kwanza: leo nina Martha au nina Mariamu? Na wewe mama, bwana akinyamaza jioni, si lazima awe amekasirika. Kuna watu wanaofikiri kwa kusema, na kuna wanaonyamaza kwanza ndipo waseme. Mpe nusu saa na kikombe cha chai. Lakini na wewe unayenyamaza, usiifanye nusu saa iwe siku tatu. Hiyo sasa si tabia, hiyo ni adhabu.

4. Kazini na katika huduma

Wengi wenu mnafanya kazi na watu msiowachagua. Dukani, shuleni, kwenye matatu, mjengoni, hata kwenye kwaya. Yule anayetaka kila kitu kiandikwe, unamwona ni mgumu. Lakini siku pesa za chama zisipolingana, ni daftari lake litakalokuokoa. Yule anayepiga hadithi na kila mteja unamwona ni mvivu, lakini uliza wateja wanarudi kwa sababu ya nani. Usimpe mwenye hadithi kazi ya kuhesabu stoo halafu umtukane, wala usimweke mwenye haya mlangoni kukaribisha wageni halafu useme hana upako. Paulo anatuuliza katika 1 Wakorintho 12: mwili wote ukiwa jicho, kusikia kutakuwa wapi?

Na ikifika mahali hampatani kabisa, jifunzeni kwa hawa wawili. Walitengana, lakini hakuna aliyeacha kazi ya Mungu. Hatusomi popote Paulo akizunguka makanisani akimchafulia Barnaba jina. Badala yake, akiwaandikia Wakorintho anamtaja Barnaba kama mwenzake katika kazi (1 Wakorintho 9:6). Mkigawana ofisi, msigawane na watu. Ukiacha kazi, usiondoke na jina la mwenzako mdomoni.

5. Tabia si kisingizio

Hapa niliwaomba kanisa waniruhusu niseme habari yangu.

Miaka mingi iliyopita, kabla sijawa mchungaji, nilikuwa nasimamia vijana. Tulikuwa na mkutano wa injili wa siku nne kwenye uwanja wa soko. Kijana aliyeshughulikia vyombo vya sauti akaondoka siku ya pili bila kuaga. Tulihangaika na waya hadi jioni. Nilipomwona Jumapili nilimwambia mbele ya wenzake kwamba kazi ya Mungu haihitaji watu wa kukimbia, nikafuta jina lake. Nilijiona ni Paulo. Nilikuwa na andiko kabisa!

Mama mmoja mzee wa kanisa letu ndiye alimfuata nyumbani. Alirudi akaniambia: mwanangu, wewe uliuliza ameenda wapi, hukuuliza kwa nini. Siku ile ya kwanza, kifaa kilipokataa, nilikuwa nimemkaripia kijana yule kwa maikrofoni, na soko zima likasikia. Kuna mtu ukimkaripia hivyo anakasirika na yanaisha. Yeye hakuwa wa aina hiyo. Yeye aliingia ndani yake kama kobe, na hakutoka.

Ilinichukua miaka minane kwenda kumwomba msamaha. Alinikaribisha vizuri, tukanywa chai. Akaniambia: nilishakusamehe, mchungaji, lakini kurudi pale siwezi. Anaabudu mahali pengine, na huko hagusi vyombo. Kila tukifanya mkutano na sauti ikaanza kupiga kelele, mimi namkumbuka.

Wapendwa, nilikuwa nimezoea kusema “mimi ndivyo nilivyo, nasema ukweli.” Hapana. Tunda la Roho katika Wagalatia 5 halikupangwa kwa aina za watu. Upole haukuandikwa kwa wapole peke yao, kwa sababu wao wanao tayari. Umeandikwa kwa ajili yangu. Na kiasi kimeandikwa kwa mchangamfu, furaha kwa mwenye huzuni, uaminifu kwa yule anayeahirisha kila kitu.

Paulo mwenyewe alibadilika. Akiwa amefungwa, anajua wakati wake wa kuondoka umekaribia, anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Marko yule yule! Barnaba aliona miaka mingi mapema, Paulo akaona baadaye. Lakini aliona, na akaandika, ili kila mtu asome.

La kufanya wiki hii

Fikiria mtu mmoja anayekuchosha, nyumbani au kazini. Usimwombee abadilike kwanza. Mshukuru Mungu kwa jambo moja analoliweza ambalo wewe huliwezi, kisha umwambie kwa mdomo wako. Na kama kuna Marko uliyemfuta jina, usingoje miaka minane. Mpigie simu kabla ya Jumapili.

Kwa ushirika wa nyumbani

Je, wewe ni zaidi kama Paulo au kama Barnaba? Nguvu yako imewahi kumuumiza nani? Na ni nani aliyekuinua wakati wengine walikuwa wamekata tamaa nawe?

Tuombe

Baba, asante kwa kuwa hukutuumba kama matofali ya kalibu moja. Tusamehe kwa watu tuliowavunja tukidhani tunakutumikia. Utupe masikio ya kujua ni nani anahitaji neno, na ni nani anahitaji tulie naye. Katika jina la Yesu. Amina.