Taya Lililounganishwa na Wajibu wa Kutibiwa

Saratani ya kinywa ikishaingia mfupani, sehemu ya taya la chini hukatwa. Mara nyingi pengo huzibwa kwa mfupa mwembamba wa mguu, ule ulio kando ya muundi, ukihamishwa na mishipa yake ya damu na kushikizwa kwa bamba la titani. Kidonda kikipona huanza mionzi: siku tano kila wiki, kwa wiki sita hivi. Mionzi huua masalia ya saratani, ila hudhoofisha pia vijishipa vya damu. Mate hukauka, kinywa hukaza. Jino likija kung'olewa miaka baadaye, mfupa waweza kugoma kupona, ukafa. Ufizi ukapasuka na bamba likachungulia. Ndiyo sababu meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi.

Je, muumini analazimika kukubali tiba inayojeruhi? Katika eneo la Meru na Embu hilo si swali la vitabuni tu, kwa kuwa hospitali za misheni kama Chogoria, Nkubu na Maua ziliweka dawa na sala chini ya paa moja. Kuhusu madhara yenyewe, Thomas Aquinas alikwisha kueleza katika karne ya 13 kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, moja likikusudiwa na jingine lisikusudiwe. Kigumu ni wajibu. Novemba 1957 Papa Pius XII aliwaambia madaktari kuwa mtu hufungwa na njia za kawaida tu za kuhifadhi uhai, nazo hupimwa kwa hali ya mtu, mahali, wakati na utamaduni.

Neno "mahali" ndilo zito hapa. Kufuata mionzi Nairobi ni kilomita zipatazo 130 kutoka Embu, na zaidi ya 200 kutoka Meru. Mkazi wa Kasarani huenda akarudi nyumbani jioni. Mkulima wa Igembe, kule Meru, hupanga chumba wiki sita, miraa ikikosa mchumaji. Tiba ni ile ile, mzigo si ule ule. Aliyeelezwa yote akakataa hajajiua. Lakini mhubiri anayemwamuru mgonjwa aache mionzi kwa kuwa ameshaombewa, huyo hapimi mzigo wowote. Anamnyang'anya mgonjwa mizani.

Baada ya mionzi githeri huwa haitafuniki, na hata hostia hunata kwenye kaakaa kavu. Kwa Mkatoliki asiyeweza kuimeza, kanuni ya 925 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaruhusu komunyo ya divai peke yake.