Ujira wa Mkimbizi

Kumhifadhi anayekimbia kuuawa ni amri katika Uislamu, na dini yake si sharti. Sura ya At-Tawba, aya ya 6, inaamuru kwamba hata mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Masahaba wa mwanzo waliionja hifadhi hiyo kwa Najashi, mfalme Mkristo wa Habasha, alipokataa kuwarudisha kwa Makuraishi.

Wilaya za Kasulu na Kibondo, magharibi mwa Tanzania, zimeitekeleza amri hiyo tangu zamani. Warundi waliingia baada ya mauaji ya 1972 nchini kwao, wakaingia tena Rais wao Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta ikafunguliwa upya 2015 Warundi walipokimbia kwa mara nyingine. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo mgeni hakuhitaji mkalimani ili aombe maji.

Kosa limekuja baada ya mlango kufunguliwa. Mkimbizi huitwa kibarua cha kulima mahindi au maharage kwa ahadi ya fedha. Siku ya malipo ikifika, hutishiwa askari. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka akae eneo lililotengwa, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Aliyetoka bila kibali anaogopa kushtaki. Mwenye shamba dhalimu analijua hilo, na ndiyo maana akamchagua yeye. Huo ni wizi, hata kama mwizi anaswali safu ya mbele.

Waislamu wa Albania walijaribiwa kwa jambo hilohilo katika Vita vya Pili vya Dunia. Refik Veseli, kijana wa miaka kama 17, alikuwa akijifunza kupiga picha mjini Tirana kwa Moshe Mandil, Myahudi aliyekimbia kutoka Yugoslavia. Wajerumani walipoingia Septemba 1943, Refik aliwaomba wazazi wake, Vesel na Fatima, ruhusa ya kumleta mwalimu wake na familia yake huko Krujë, milimani. Wakakubali. Safari ilikwenda usiku kwa nyumbu, na mchana wasafiri wakajificha mapangoni. Mandil na mkewe waliwekwa katika chumba kilicho juu ya zizi. Watoto wao wakachanganywa na watoto wa nyumba, kama ndugu. Walikaa hivyo hadi Wajerumani walipoondoka Novemba 1944. Wenye nyumba walikuwa na silaha kali kuliko ya mkulima yeyote wa Kasulu: neno moja kwa Wajerumani lingewaangamiza wageni. Hawakuitumia silaha hiyo kujinufaisha. Mwaka 1987 taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem iliwatambua akina Veseli kwa kuwaokoa Wayahudi, wa kwanza kutoka Albania.

Wapo wanaojitetea kwamba kambi zimemaliza miti na kuleta ujambazi. Hasara hizo zina mamlaka za kuzishughulikia, na jambazi ana mahakama. Mwanamke aliyepalilia shamba kutwa hakumwibia mtu. Al-Maida, aya ya 8, inakataza chuki juu ya watu isiwafanye waumini waache uadilifu. Basi anayezuia ujira kwa kisingizio cha miti ameongeza dhuluma juu ya chuki. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu atakaogombana nao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akakamilishiwa kazi, asimlipe. Mkimbizi asiye na wakili Kibondo anaye mtetezi huyo.

Toba ya kosa hili haitimii kwa istighfari pekee, kwa kuwa haki ya mja hurudishwa kwa mwenyewe. Aliye Nduta au Nyarugusu alipwe kamili, kwa kiasi kilichoahidiwa. Aliyerejea Burundi atafutwe. Akiwa amekufa, walipwe warithi wake. Asipopatikana yeye wala wao, fedha hiyo itolewe sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea akadai, bado anastahili kulipwa. Kabla ya hapo, mavuno ya shamba lile yana haki ya mtu ndani yake.