Kibuyu Kwanza, Rangi Baadaye

Wajukuu zangu wa Rwamishenye, hapa Bukoba, nasikia baadhi yenu mnataka kuagiza vifuu vya nazi kutoka Tanga na Dar es Salaam, mvichore na kuwauzia wageni. Kuchora juu ya kifuu ni kazi nzuri, na watu wa pwani wanaiweza kwa kuwa minazi iko uani kwao. Uani kwetu kuna kibuyu. Wahaya tumekinywea rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija tangu enzi za mababu, nanyi mnakipita kila siku kana kwamba ni takataka.

Anzeni na kilicho mkononi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakusubiri turubai za Ulaya. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, akachora. Alifariki mwaka 1972, na hadi leo mtindo ule unaitwa kwa jina lake. Ng'ambo ya mto Kagera, mashariki mwa Rwanda, watu hufinyanga michoro ya imigongo kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha huitia weusi, weupe na wekundu. Na hapa kwetu, Bwanjai kule Missenyi, watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu juu ya mwamba.

Sasa nisikilizeni kuhusu kibuyu chenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huu hauna huruma. Kibuyu kibichi ukikipaka rangi leo, baada ya muda ukungu utachipuka chini yake na rangi itabanduka vipande vipande. Kitikise kwanza: mbegu zikilia ndani, kimekauka. Kiloweke, kisha kwangua ngozi ya nje kwa kisu butu mpaka ganda la rangi ya manjano hafifu lijitokeze. Kianike kivulini, ukisugue kwa msasa laini, ukifute vumbi. Ukitaka mstari ulionyooka kuzunguka tumbo lake, usiuchore kwa macho. Funga uzi pale kinapotanuka zaidi, uufuate kwa penseli. Rangi ya kwanza iwe nyepesi. Ya pili ingoje ya kwanza ikauke kabisa. Vanishi ndiyo ya mwisho. Na kibuyu cha kunywea kisiguswe na rangi ya mafuta kwa ndani wala mdomoni. Mnunuzi aambiwe wazi kipi ni cha pambo na kipi ni cha kinywaji, kwani afya ya mtu si ya kufanyia biashara.

Kabla ya kuchora, kitazame sana. Shingo ikipinda, mchoro nao upinde. Baka lililoachwa na jua lisifichwe ikiwa linaweza kuwa wingu juu ya ziwa.

Na mchore nini? Nawasihi, mwacheni tembo na Mmasai mwenye mkuki. Tayari wamejaa kwenye maduka ya Arusha. Ninyi mnamjua senene: miguu yake ya nyuma iliyokunjika, mabawa yaliyolala mgongoni, wa kijani na wa kahawia wakiwa wamechanganyika kapuni mwezi Novemba. Mnaijua nyumba ya msonge, buni nyekundu mtini, mitumbwi, kisiwa cha Musira asubuhi. Nani atayachora hayo vizuri kuliko mtoto wa hapa? Anayenakili kazi ya mwenzake atauza kwa bei ya mwenzake, siku zote akishushwa.

Andikeni jina na mwaka chini ya kila kibuyu. Msiuze kwa hasira ya njaa ya siku moja, wala msimtoze mgeni bei ambayo mngeona aibu kumtajia jirani.

Mvua za vuli zikianza, kila mmoja wenu apande mbegu za vibuyu kando ya ua, na vitakavyokomaa avikaushe mwenyewe. Mbegu zipo kwangu, njooni mchukue.